Taa ya Joto la Ekzosi: Pima Nyaya Kabla ya Kununua Kihisi

Trekta nyingi mpya zina chujio la masizi ndani ya ekzosi, na kompyuta ya kuangalia injini. Ili kompyuta ijue moshi una joto gani, kihisi kimoja au zaidi hufungwa kwenye bomba. Trekta za zamani hazina mambo haya. Lakini kwa hizi mpya, kihisi au nyaya zake zikiharibika, taa ya onyo huwaka, na injini huweza kupunguziwa nguvu. Jambo hili likitukia siku za kulima, mvua haitamngoja mtu.

Msimu mmoja kikundi cha wakulima katika skimu yetu walichanga fedha wakanunua kihisi kipya. Taa ilizimika, trekta ikalima raundi mbili tatu, kisha taa ikawaka tena. Kihisi cha zamani kilikuwa kizima. Waya wake ndio uliokuwa ukigusa bomba la moto, na ngozi yake imeyeyuka. Waliposhika kazi ya kubadilisha, waya ulisogea kidogo. Trekta ilipotikisika ukarudi pale pale. Fedha zilizotumika zilikuwa za mbolea. Somo hili ni la kuzuia hasara ya namna hiyo.

Namna kihisi kinavyofanya kazi

Kompyuta hupeleka umeme wa volti 5 kwa waya mmoja. Umeme hupita ndani ya kihisi, ukarudi kwa waya wa pili. Vihisi vingi vina uzi mwembamba wa platini. Platini ikipata moto, umeme hupita kwa shida zaidi, na volti kwenye waya wa kwanza hupanda. Kompyuta husoma volti hizo kama sisi tusomavyo kipimajoto.

Basi kumbuka mambo mawili. Waya ukikatika, volti hupanda karibu na 5. Waya wa kwanza ukigusa chuma cha trekta, yaani athi, volti hushuka karibu na 0.

Soma namba ya kosa

Trekta nyingi huonyesha kosa kwa namba mbili. Ya kwanza, SPN, hutaja sehemu yenye kosa. Ya pili, FMI, hutaja aina ya kosa. Ziandike zote mbili kabla ya kuzifuta.

FMI 3: volti zimezidi. Tafuta waya uliokatika au plagi iliyolegea.
FMI 4: volti zimepungua. Tafuta waya unaogusa athi.
FMI 0: joto lenyewe limezidi. Hapa huenda kihisi kinasema kweli. Zima injini, kisha angalia chujio la hewa na mambo mengine ya injini. Usimpige mjumbe kwa sababu ya habari aliyoleta.

Hatua za kupima

Kwanza, fanya kazi hii asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Ekzosi ya moto huunguza vibaya. Tena asubuhi vihisi vyote vyapaswa kuonyesha joto lililo karibu na la hewa. Kimoja kikionyesha digrii mia kadhaa, kosa ni la umeme. Vyote vikikosea pamoja, angalia athi yao, fyuzi na plagi kubwa ya kompyuta.

Pili, tumia macho. Fuata nyaya tangu kwenye bomba. Tazama palipoyeyuka, palipotafunwa na panya, na plagi yenye maji au kutu ya kijani.

Tatu, zima ufunguo, uchomoe plagi ya kihisi, upime kihisi kwa mita upande wa omu. Aina moja ya platini ina omu 200 kwenye digrii 0, na karibu 220 kwenye digrii 25. Aina nyingine zina kipimo tofauti kabisa, kwa hiyo fuata kitabu cha trekta yako. Mita isiposoma kitu, uzi wa ndani umekatika. Ikisoma karibu na 0, umegusana. Kihisi chenye nyaya zaidi ya mbili mwachie fundi.

Nne, plagi ikiwa bado imechomolewa, fungua ufunguo bila kuwasha injini. Pima volti kwenye plagi ya upande wa kompyuta, kati ya nyaya mbili. Zikiwa karibu 5, upande huo ni mzima. Zikiwa 0, waya umekatika au unagusa athi, au kompyuta ina kosa. Zikiwa 12, waya umegusana na waya wa betri.

Tano, mita ikiwa imeunganishwa, mtu mmoja atikise nyaya polepole. Kipimo kikirukaruka, hapo ndipo penye kosa.

Ukisha kutengeneza, funga nyaya mbali na bomba, futa namba ya kosa, kisha ulime kwa nguvu kama nusu saa. Taa isipowaka tena, kazi imekwisha.

Onyo

Wako watu wanaofunga kipande cha kudanganya kompyuta ili taa izime. Usikubali. Chujio linapochoma masizi, joto lake hufika karibu digrii 600. Kompyuta isiyojua joto hilo yaweza kuliacha chujio liungue, na trekta iliyosimama penye majani makavu yaweza kuwasha shamba.

Maswali ya kujijaribu

1. FMI 3 imeonekana. Je, utatafuta waya uliokatika au unaogusa athi?
2. Kwa nini tunapima asubuhi?
3. Kihisi kina omu sawa na kitabu, lakini kwenye plagi ya upande wa kompyuta kuna volti 0. Je, utanunua kihisi?

Aliyejibu la tatu kuwa “la” ameelewa somo. Mita moja ya umeme ya kikundi yatosha trekta zote za jirani.