Kivinjari na Barua Pepe Visipoelewana: Hatua Ninazofuata

Katika kazi yangu ya kutunza kompyuta za ofisi ndogo, tatizo hili halikauki. Mtu anasoma tangazo la zabuni mtandaoni, anabofya anwani ya barua pepe iliyo chini yake, na inafunguka programu asiyoitumia, ikimtaka aanze kufungua akaunti. Mwenzake akibofya kiungo ndani ya ujumbe, kinajitokeza kivinjari ambacho hakina nywila zake hata moja. Wengi huamua kunakili anwani kwa mkono, herufi moja ikaruka, na maombi yasifike. Tatizo hili linatibika, mradi ujue pa kuanzia.

Kivinjari na programu ya barua pepe havipeani kazi moja kwa moja. Kati yao yupo tarishi, naye ni Windows. Kiungo kinachoanza na http au https hukipeleka kwenye kivinjari. Kinachoanza na mailto hukipeleka kwenye barua pepe. Kwa hiyo mimi humpima tarishi kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine.

Pima. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mailto: ukifuatiwa na anwani yako, kisha Enter. Ikifunguka programu unayoitaka, kwa viungo vya mailto Windows iko sawa na kasoro imo ndani ya kivinjari. Ikifunguka nyingine, au isifunguke kabisa, anza na Windows.

Rekebisha Windows 11. Ingia Settings, Apps, kisha Default apps. Chagua kivinjari chako na ubonyeze Set default. Hakikisha HTTP na HTTPS zote mbili zimekwenda kwake. Halafu, kwenye kisanduku cha kutafutia aina ya kiungo, andika mailto na uchague Thunderbird, Outlook au programu nyingine unayotumia.

Kama unasomea Gmail ndani ya kivinjari, kuna ngazi mbili. Katika Windows, mailto ielekeze kwa kivinjari chenyewe. Kisha kivinjari nacho kiambiwe kwamba barua ni kazi ya Gmail. Kwa Chrome, andika chrome://settings/handlers kwenye sehemu ya anwani, ruhusu tovuti ziombe kazi hiyo, fungua Gmail, na ubofye alama ndogo inayojitokeza upande wa kulia wa anwani ili ukubali. Kwa Firefox, nenda Settings, General, sehemu ya Applications, tafuta mailto na uchague Gmail. Ukifanya ngazi moja tu, viungo vya kwenye tovuti vinaweza kukubali huku vile vya kwenye Word vikigoma.

Kama unatumia Outlook ile ya zamani na viungo vyake vinang'ang'ania Edge ingawa Windows umeipanga vizuri, ingia File, Options, Advanced. Tafuta mstari unaouliza viungo vifunguliwe wapi, na uchague Default Browser. Outlook ina uamuzi wake hapo, ndiyo maana kubadilisha Windows peke yake hakutoshi.

Pima tena pande zote mbili. Jitumie ujumbe wenye kiungo cha tovuti, kibofye, uone kivinjari gani kinafunguka. Kisha bofya anwani ya barua pepe iliyo kwenye tovuti yoyote. Usiondoke kwenye kompyuta kabla majaribio yote mawili hayajakubali.

Nawasihi hasa mnaotumia kompyuta moja watu wengi. Mpangilio huu ukishakaa sawa, barua itafunguka kwa mbofyo mmoja, lakini itatumwa kutoka kwenye akaunti iliyo wazi wakati huo, na huenda si yako. Kabla ya kutuma maombi ya kazi au zabuni, soma mstari wa From. Anayepokea atakujibu kupitia anwani hiyo.