Kimanda Safi Nyumbani: Somo la Mayai Mawili na Moto Mdogo

Tuseme ni jioni, umetoka tuisheni, unakatiza Mtaa wa Msimbazi kurudi nyumbani na njaa inauma kweli kweli. Kila kona ya Kariakoo kuna kibanda cha chipsi. Karai linatokota, mkaa unawaka, na muuzaji anakuuliza, "Kavu au mayai?" Mfukoni una hela ya sahani moja tu. Utafanyaje?

Hatukuja hapa kukuambia kwamba chipsi mayai ni sumu. Zege ni chakula cha Dar es Salaam na sote tunakila. Tatizo ni kwamba pale kibandani huchagui yai, huchagui mafuta, wala hujui mafuta yale yamekaangia mara ngapi. Nyumbani unachagua vyote wewe mwenyewe. Kwa mayai mawili, kitunguu na nyanya, unaweza kupika kimanda, yaani mayai yaliyopigwa na kukaangwa, kwa muda wa dakika kumi hivi. Wengine wanakiita omleti. Jina lolote ni sawa. La muhimu ni kukipika kikawa kitamu na kisikupeleke zahanati.

Na ninyi wavulana msifunue ukurasa! Njaa haiulizi kama wewe ni kaka au dada. Siku utakayopanga chumba chako, au mama atakapougua, nani atapika?

KWA NINI YAI?

Yai moja la kuku wa kisasa lina gramu 6 hivi za protini. Protini hiyo ina amino asidi zote ambazo mwili wako hauwezi kujitengenezea. Yai lina pia vitamini A, vitamini B12, na kolini ambayo ubongo unaihitaji. Lakini halina vitamini C wala nyuzinyuzi. Ndiyo maana ndani ya kimanda tunaweka mboga, na pembeni tunaweka kachumbari, chungwa au kipande cha embe.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania, kati ya kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 hivi wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, na mojawapo ni kushiba wanga kila siku bila protini ya kutosha: ugali, wali, chai na andazi, basi. Kwa hiyo ukijua kupika kimanda hujisaidii peke yako. Fikiria na mdogo wako pale nyumbani.

HATUA YA KWANZA: CHAGUA YAI ZIMA

Ukienda sokoni au dukani kwa Mangi, mayai yanakaa kwenye trei za mayai 30. Usipokee tu unachopewa. Shika, geuza, tazama.

Yai lenye ufa liache, hata kama unapunguziwa bei. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, lakini likiwa zima linasaidia kuzuia uchafu usiingie. Likipasuka, mlango uko wazi. Yai lenye kinyesi liache pia. Na kama trei imekaa juani tangu asubuhi, nenda duka la pili.

Ukifika nyumbani, lipime. Tia maji kwenye bakuli, weka yai taratibu:

- Likilala chini, ni jipya.
- Likisimama wima chini ya maji, limekaa siku kadhaa. Lipike mapema.
- Likielea, limezeeka sana. Litupe.

Sababu yake ni fizikia ya kawaida. Kadiri siku zinavyopita, maji ya ndani ya yai hutoka kupitia vile vitundu na hewa huingia, hivyo yai huwa jepesi. Lakini angalia: kipimo hiki kinakuambia umri wa yai tu. Hakikuambii kama lina vimelea au halina. Kinachoua vimelea ni moto.

HATUA YA PILI: MAHITAJI

Kwa mtu mmoja:

- Mayai mawili
- Kitunguu kidogo kimoja
- Nyanya nusu, iliyotolewa mbegu na majimaji
- Kipande cha pilipili hoho au karoti
- Chumvi kidogo, ncha ya kijiko inatosha
- Mafuta ya kupikia, kijiko kimoja cha chakula

Huna hoho? Weka mchicha uliokatwakatwa. Huna frampeni? Sufuria bapa inafaa.

HATUA YA TATU: KUPIKA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha mboga kwa maji safi na uzikate ndogo ndogo.

2. Vunja kila yai peke yake kwenye kikombe, kisha ndipo ulimimine kwenye bakuli. Yai moja viza likiingia kwenye bakuli, umepoteza yote. Likiishia kwenye kikombe, umepoteza moja tu. Nawa tena mikono baada ya kushika mayai mabichi.

3. Tia chumvi, piga kwa uma mpaka ute na kiini vichanganyike. Si lazima mpaka povu lijae.

4. Bandika kikaango, tia mafuta. Kaanga kitunguu na hoho mpaka vilainike. Nyanya iwe ya mwisho, na uiache mpaka maji yake yakauke. Wengi wanakosea hapa: nyanya yenye maji hufanya kimanda kimeguke.

5. Sasa punguza moto. Mimina mayai juu ya mboga. Kingo zikianza kuganda, zisogeze taratibu kuelekea katikati kwa mwiko, huku ukiinamisha kikaango ili yai bichi litiririke pembeni.

6. Sehemu ya juu ikikaribia kuganda, funika kwa mfuniko dakika moja hivi. Halafu kikunje katikati au kigeuze upande wa pili. Kimeiva pale usipoona tena ute unaotiririka.

7. Kipakue kwenye sahani safi. Bakuli lililokuwa na yai bichi lisitumike mpaka lioshwe kwa sabuni.

KWA NINI MOTO MDOGO?

Kwenye baiolojia umesoma kwamba vimeng'enya huharibika vikipata joto kali, kwa sababu ni protini. Yai nalo ni hivyo hivyo. Protini zake zimejikunja kama uzi kwenye kibunda. Zikipata joto zinakunjuka, halafu zinashikana na kutengeneza wavu unaobana maji ndani yake. Ute huanza kuganda kwenye nyuzijoto zaidi kidogo ya 60, na kiini kwenye 65 hadi 70. Yaani huhitaji moto wa kuyeyusha chuma!

Moto ukiwa mkali, wavu ule unajibana mno na kuyakamua maji nje. Ndiyo maana kimanda kinakuwa kama mpira na kutoa majimaji kwenye sahani. Mbaya zaidi, nje kinaungua na ndani bado kibichi. Moto mdogo unakupa vyote viwili: kimanda laini, na kilichoiva mpaka katikati.

Na kuiva mpaka katikati ndiyo afya yenyewe. Yai linaweza kubeba bakteria waitwao salmonela. Hawa ni ndugu wa wale wanaoleta homa ya matumbo, ingawa si hao hao. Wanaleta homa, tumbo la kukata, kutapika na kuharisha. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kipikwe mpaka kifike angalau nyuzi 70, na chakula kilichopikwa kisiachwe nje zaidi ya saa mbili. Kwa joto la Dar es Salaam, kimanda cha asubuhi kilichofunikwa mezani mpaka mchana si akiba. Pika unachoweza kukimaliza.

Ukianza kuharisha, kunywa maji ya ORS mara kwa mara. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, au unashindwa kunywa, nenda kituo cha afya bila kuchelewa. Mtoto mdogo akiharisha, mpeleke mapema zaidi.

JIKO LISIKUDHURU

Nyumba nyingi za zamani za Kariakoo na Ilala zina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Wazee hawakuweka ua kwa bahati mbaya: ndiko moshi unakotakiwa kwenda. Siku hizi wengi wanapanga vyumba vya ghorofani visivyo na ua, na usiku wa mvua mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Usifanye hivyo hata siku moja. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Kichwa kikiuma na kizunguzungu kikija ukiwa karibu na jiko, toka nje haraka na uwatoe wenzako.

Mengine ya kukumbuka:

- Jiko la mchina usiliongeze mafuta ya taa likiwa linawaka.
- Jiko la gesi: ukisikia harufu, funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe kiberiti wala swichi ya taa.
- Mafuta ya kikaangoni yakishika moto, usimwage maji. Zima jiko, funika kwa mfuniko.
- Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

JE, NI KWELI?

"Mjamzito akila mayai, mtoto atazaliwa hana nywele."
Si kweli. Nywele za mtoto hazihusiani na mayai. Mjamzito anahitaji protini na kolini kuliko wengi wetu. Yake yaive vizuri tu.

"Mtoto akizoeshwa mayai atakuwa mwizi."
Si kweli. Labda zamani yai lilikuwa la kutotoa vifaranga au la kuuza, na watoto wakazuiwa kulidokoa. Leo mtoto wa zaidi ya miezi sita anaweza kula yai lililoiva. Ila akivimba midomo, akitoka vipele au akipumua kwa shida baada ya kula, mwacheni asile tena na mpelekeni hospitali.

"Yai la kienyeji kiini chake ni cha njano iliyokolea, kwa hiyo halina vimelea."
Rangi hiyo inatokana na majani na vitu vingine anavyookota kuku. Ladha yake wengi wanaipenda, lakini nalo lipike liive.

JIPIME

1. Umepewa mayai matano kwa bei ya manne kwa sababu yana nyufa. Umepata au umepatikana?
2. Yai limelala chini ya maji. Je, unaweza kulinywa bichi "kuongeza nguvu"?
3. Kwa nini nyanya ikaushwe kabla ya kumimina mayai?
4. Taja sababu mbili za kupunguza moto.

Swali la pili limewakamata wengi. Jibu ni hapana: yai jipya linaweza kuwa na vimelea, na mwili unaitumia vizuri zaidi protini ya yai lililopikwa kuliko ya yai bichi.

Haya, kazi kwako. Jumamosi hii mwombe mama au dada akupishe jikoni, upike kimanda kimoja, ukigawe na mdogo wako. Cha kwanza kikimeguka usijali, kimeiva kinalika. Cha tatu utakigeuza kama fundi.