Mshale Ukitulia Katikati, Uliza Tena: Mafunzo Niliyopata Katika Kushusha Ndege kwa ILS

Sisi tuliokulia Gisenyi, Rwanda, tulijifunza kupenda ndege kwa kutazama za jirani. Uwanja wetu ni mdogo na hauna ILS, mfumo wa mawimbi ya redio unaomwongoza rubani kwenye njia ya kutua. Ndege kubwa tulizozishangaa zilikuwa zikishuka Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, zikiwa zimeacha Ziwa Kivu nyuma na Nyiragongo iko mbele yao, mlima wa mita 3,470 ambao wingu huweza kuufunika wote. Sasa nimestaafu urubani, na vijana wa wilaya yetu ya Rubavu wanaotaka kurusha ndege huniuliza: rubani asiyeona kitu anajuaje kwamba yuko kwenye njia? Haya ndiyo ninayowajibu.

1. Sikiliza herufi mpaka ziishe

Mwalimu wangu wa kwanza wa ILS alikuwa na desturi moja iliyonichosha. Kila tulipoweka masafa ya uwanja, alinyamaza, akainua kidole, akasikiliza herufi za Morse ambazo mtambo hujitambulisha nazo, mpaka ya mwisho, kisha akazilinganisha na zilizoandikwa kwenye chati. Mimi niliona ni kupoteza muda, maana mshale wa chombo unaoonyesha njia ulikuwa umeshaamka.

Nilimwelewa miaka mingi baadaye, usiku mmoja wa mvua tukikaribia uwanja wa pwani. Mshale ulicheza vizuri, lakini herufi hazikusikika. Tuliuliza mnarani, tukaambiwa mafundi wako kazini kwenye mtambo. Mtambo ukiwa kwenye matengenezo, herufi zake huondolewa au huwekwa alama ya majaribio, ili rubani asiutegemee hata kama mawimbi yanamfikia. Siku hizi ndege nyingi husoma herufi hizo zenyewe na kuziandika kwenye skrini. Hiyo haikuondolei kazi ya kuzisoma.

2. Mshale ulio katikati si ushahidi

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote katika kazi yangu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

ILS ina mawimbi mawili. Lokalaiza hukuonyesha kushoto na kulia, glaidisilopu hukuonyesha juu na chini. Kila moja hubeba toni mbili, ya hezi 90 na ya hezi 150, na chombo ndani ya ndege hupima ipi ina nguvu zaidi. Zikilingana, mshale hutulia katikati, nawe unajua uko kwenye njia.

Darasani tulionyeshwa kisa cha Samoa. Usiku wa tarehe 29 Julai 2000, Boeing 767 ya Air New Zealand, safari namba 60, ilikuwa ikishuka kuelekea uwanja wa Faleolo, karibu na Apia. Herufi zilikuwa sahihi. Hakuna bendera ya onyo iliyotokea. Mshale wa glaidisilopu ulitulia katikati kabisa. Kumbe mtambo ulikuwa ukirusha sehemu tu ya mawimbi yake, na toni zile mbili zilitoka zikiwa sawa kila mahali angani. Ungekuwa juu sana au chini sana, mshale ungekwambia uko sawa. Na herufi zisingeweza kuwasaidia, kwa kuwa hubebwa na lokalaiza peke yake; glaidisilopu haina herufi zake.

Waliokuwa chumba cha rubani waliona kwamba taa za uwanja hazikuwa mahali zilipopaswa kuwa, na kwamba umbali haukubaliani na kimo. Wakapaa upya wakiwa chini ya futi 400, na uwanja bado uko maili zaidi ya tano mbele. Hakuna aliyeumia.

Nilitoka darasani kimya. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba chombo kibovu hutikisika, huonyesha bendera, hulalamika kwa namna fulani. Hiki kilikuwa kimetulia kuliko kizima. Ndiyo maana lazima upate shahidi wa pili asiyetoka kwenye mawimbi yale yale.

3. Fanya hesabu ya kimo kwa kichwa

Shahidi huyo ni umbali. Njia ya nyuzi tatu hushuka takribani futi 300 kwa kila maili ya baharini, ukitaka kuwa makini zaidi ni kama futi 318. Uwanja wa Kigali uko karibu futi 4,900 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo maili tano kabla ya kugusa ardhi, altimita yako inapaswa kusoma kama futi 6,500. Ikisoma 5,600 na mshale uko katikati, basi mmoja anadanganya, na huna muda wa kuchunguza ni nani. Paa kwanza.

Sisi wa nyanda za juu hesabu hii inatuhusu zaidi. Mwaka 1974 Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikishuka kuelekea Nairobi. Iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500, marubani wakaelewa 5,000. Uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5,300! Ndege ilifika takribani futi 70 juu ya ardhi kabla ya kupaa tena. Anayejua kimo cha uwanja kwa moyo angeshtuka mara tu aliposikia namba ile.

4. Soma notisi, na mruhusu mdogo aseme

Tarehe 6 Agosti 1997, Boeing 747 ya Korean Air ilianguka kisiwani Guam, watu 228 wakafa. Glaidisilopu ya uwanja ule ilikuwa imezimwa, na notisi kwa marubani ilikuwa imetolewa. Hata hivyo, katika dakika za mwisho marubani walikuwa bado wakiulizana kama inafanya kazi. Wachunguzi walisema pia kwamba wasaidizi hawakumsimamia nahodha ipasavyo.

Kwetu kijana hamkatizi mzee. Ni adabu njema nyumbani. Angani niliwaambia wasaidizi wangu tangu mwanzo wa safari: hesabu isipokubali, sema "paa," nami nitapaa, maelezo baadaye.

5. Pasipo na ILS, usijitungie ILS

Uwanja wa Bukoba, Tanzania, hauna ILS, kama wa Gisenyi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliingia Ziwa Victoria ikijaribu kutua pale katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 kati ya 43 wakapoteza maisha. Kwenye viwanja hivi vya kando ya ziwa, macho ndiyo chombo. Yasipoona barabara ya kutua kwa kimo kilichowekwa, safari inaendelea kwenye uwanja mwingine.

Wewe unayejiandaa kwenda chuo cha urubani, anza na hesabu ya futi 300 kwa maili leo, ukiwa bado chini. Utakapokaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, itamke kwa sauti katika kila mshuko, hata siku ya jua kali.