Maji Yenye Njaa: Jinsi Mwani Mdogo Unavyooteshwa



Katika kijiji kimoja tulichokitembelea, watu kumi na wawili walichimba bwawa la samaki. Walipanda vifaranga vya perege, wakawalisha pumba kila siku. Ilipotimia miezi sita walivua wachache ili wawaone. Lahaula! Samaki walikuwa kama vidole vya mkono.

Hapo ugomvi ukaanza. Wengine walisema aliyewauzia vifaranga amewapunja. Wengine wakamnyooshea kidole mzee anayelinda bwawa, ati pumba anawapa kuku wake. Mzee wa watu akataka kujitoa kwenye kikundi.

Bwana samaki alipofika hakuuliza habari za pumba. Alikunja shati mpaka begani, akachutama ukingoni, akazamisha mkono wote. Vidole vyake vilionekana wazi.

"Mzee wangu, maji yako ni safi mno," alisema.

"Ndiyo, mwanangu," mzee alijibu kwa fahari. "Kila nikiona ukijani nafungulia maji yatoke, naingiza mapya ya mfereji."

"Basi chakula cha samaki ndicho hicho unachokimwaga. Maji haya yana njaa."

Leo tujifunze ukijani ule ni nini, na jinsi ya kuuotesha.

MWANI MDOGO NI NINI?

Watu wa pwani wakisikia neno mwani hukumbuka majani ya baharini. Kule Zanzibar, akina mama wa Paje na Jambiani huulima kwenye kamba na kuuanika. Mwani tunaousema hapa ni mwingine. Ni mdogo sana. Mmoja mmoja hauonekani kwa macho, lakini ukiwa mwingi maji hugeuka kijani.

Mwani mdogo hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kama mahindi yafanyavyo. Hauna mizizi wala majani. Hunyonya mbolea iliyoyeyuka katika maji kwa mwili wake wote. Vidudu vidogo vya majini hula mwani. Perege naye hula mwani, na vidudu pia. Hata wale heroe wadogo wa Ziwa Natron, ndege wenye rangi ya waridi, chakula chao kikubwa ni mwani mdogo.

WATAALAMU HUUOTESHAJE?

Mwaka 1890, mtaalamu wa Uholanzi aitwaye Martinus Beijerinck alifaulu kutenga aina moja ya mwani, iitwayo klorela, na kuiotesha peke yake. Tangu hapo kazi hii hufanyika katika maabara nyingi duniani. Hatua zake ni hizi:

1. Kutengeneza maji ya chakula. Katika maji safi hutiwa chumvichumvi zenye naitrojeni, fosforasi, potasiamu, magnesi na chuma. Kila kitu hupimwa kwa mizani. Kwa mfano, mwani uitwao spirulina hupenda maji ya magadi. Katika maji ya chakula yaliyopangwa na mtaalamu Zarrouk mwaka 1966, lita moja hutiwa gramu 16.8 za soda ya kuokea na gramu 2.5 za naitreti ya sodiamu. Lakini chumvi ya chuma ni gramu 0.01 tu. Hebu pigeni hesabu: gramu moja ya chumvi ya chuma inatosha lita 100!

2. Kuua vijidudu. Chupa na maji hupikwa kwa mvuke mkali wa nyuzi 121. Bila hivyo, vijidudu vingine vitakula chakula cha mwani.

3. Kutia mbegu. Mbegu ni maji kidogo ya kijani yenye mwani unaotakiwa.

4. Kuupa mwanga na hewa. Chupa huwekwa karibu na taa, na hewa huingizwa kwa mpira mwembamba. Ndani ya hewa mna kaboni, nayo mwani huihitaji.

5. Kutikisa. Mwani ukilala chini, wa juu huukinga mwanga wa chini.

HESABU YA MWANI

Mwani mmoja hugawanyika ukawa miwili. Miwili huwa minne, minne huwa minane. Tuseme hugawanyika mara moja kwa siku. Baada ya siku 10, mmoja umekuwa 1,024. Baada ya siku 20 imezidi milioni moja.

Je, utaendelea hivyo mpaka ujaze nyumba? Hapana. Chakula kikipungua, au mwanga ukikosa njia, mwani huacha kuongezeka. Ni kama kusonga ugali. Una unga debe zima na maji ya kutosha, lakini kuni zimekwisha. Hata ukiongeza unga, ugali hauivi. Kilichopungua ndicho kinachozuia. Kwa hiyo kabla ya kuongeza mbolea, jiulize kwanza: ni nini kilichopungua?

JARIBUNI WENYEWE DARASANI

Tafuteni chupa tatu nyeupe za lita moja. Lowekeni konzi moja ya samadi kavu ya ng'ombe katika lita moja ya maji kwa siku mbili, kisha chujeni kwa kitambaa.

Chupa ya kwanza: maji ya mvua na nusu kikombe cha maji ya kijani ya bwawani.
Chupa ya pili: kama ya kwanza, pamoja na vijiko vitatu vya maji ya samadi.
Chupa ya tatu: kama ya pili, lakini ifungeni kwa nguo nyeusi.

Zifunikeni kwa kitambaa chepesi ili hewa ipite. Ziwekeni penye mwanga, lakini zisichomwe na jua kali. Zitikiseni asubuhi na jioni. Baada ya siku kumi zilinganisheni, mwandike mlichokiona. Ya pili ndiyo inayotazamiwa kuwa kijani zaidi. Ya tatu ina chakula lakini haina mwanga, mwani hautaongezeka.

Sisi tulipojaribu mara ya kwanza tulikuwa na pupa. Tulimimina maji ya samadi mpaka chupa ikawa kama kahawa. Mwanga haukupita, mwani haukuota, na darasa zima lilinuka. Msifanye kama sisi. Tena, maji haya si ya kunywa. Mkimaliza, mwageni shambani mkanawe mikono kwa sabuni.

BWAWANI JE?

Bwawa ni chupa kubwa. Jua lipo na hewa ipo. Mara nyingi kinachopungua ni mbolea. Jengeni uzio mdogo wa fito kwenye kona ya bwawa, mtie samadi humo kidogo kidogo. Kisha pimeni kwa mkono:

- Maji yakifika kiwiko na vidole havionekani tena, ukijani unatosha.
- Maji yakipita kiwiko na vidole bado vinaonekana, ongezeni samadi.
- Vidole vikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, ukijani umezidi. Acheni samadi.

Kipimo hiki ni cha maji ya kijani. Maji yenye tope huficha vidole pia, lakini tope si chakula.

Kwa nini kuzidi ni hatari? Mchana mwani hutoa hewa safi majini. Usiku hautoi, bali unaitumia pamoja na samaki. Ukiwa mwingi mno, hewa huisha kabla ya mapambazuko. Mkiona alfajiri perege wamepanda juu wanahema, ingizeni maji mapya upesi.

TAHADHARI KUBWA

Si kila ukijani ni chakula. Ziko aina zenye sumu. Katika Ziwa Victoria, mbolea na uchafu uingiao kutoka nchi kavu umezidisha mwani, na baadhi yake ni wa sumu. Mkiona utando wa kijani kama rangi iliyomwagika juu ya maji, msinywe maji hayo, msioge humo, wala msinyweshe mifugo. Kuyachemsha hakuondoi sumu hii. Na samadi isitiwe kamwe karibu na kisima cha kunywa.

Tuliporudi katika kijiji kile, bwawa lilikuwa na rangi ya kijani. Pumba zilikuwa zile zile na vifaranga vile vile, lakini samaki walikuwa wameanza kunenepa. Mzee bado analinda. Wale waliomnyooshea kidole walikuja ukingoni, mmoja mmoja, kumwomba awafundishe kupima kwa mkono.

MASWALI

1. Kwa nini maji safi mno hayafai kwa samaki?
2. Chupa ya tatu ilikuwa na mbolea. Ilikosa nini?
3. Mwani mmoja ukigawanyika kila siku, utakuwa mingapi baada ya siku 7?
4. Katika shamba lako mwaka huu, ni nini kilichopungua?

Swali la nne lijadilini kwa pamoja darasani.