Somo la Afya: Kupanga Matunzo ya Mzazi Mwenye Dimenshia Nyumbani

Dimenshia hudhoofisha ubongo kidogo kidogo. Mgonjwa husahau mambo ya jana, hupotea njia aliyoizoea, hushindwa kuhesabu pesa au hubadilika tabia. Si laana, si uchawi, wala si uzee wa kawaida. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na hali hii ulimwenguni. Aina nyingi hazina tiba ya kuziponya, lakini familia iliyojipanga mapema humwezesha mzazi kuishi kwa heshima nyumbani kwake.

Katika somo hili, tuchukue mfano wa mama mwenye umri wa miaka 78 anayeishi karibu na mji wa Sagana. Ana watoto wanne: mmoja yuko Nairobi, mmoja Thika, mmoja ughaibuni, na kitinda mimba anaishi naye bomani. Wasipopanga, mzigo wote utamwangukia huyu wa mwisho.

1. Anzeni hospitalini

Si kila anayesahau ana dimenshia. Matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona, maambukizi na hata baadhi ya dawa huleta usahaulifu unaoweza kutibiwa. Mpelekeni mzazi katika kituo cha afya kilicho karibu mkiwa na dawa zake zote na orodha ya mabadiliko mliyoyaona. Ikihitajika, atapewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Kerugoya. Hakikisheni amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Mnaweza kumsajili kwa simu kupitia *147#.

2. Gawaneni kazi kwa maandishi

Kaeni kikao pamoja na mzazi wakati bado anaweza kujieleza. Mwulizeni angependa kutunzwa na nani, na ni mambo gani hataki yabadilike. Kisha kila mtoto apewe jukumu. Katika mfano wetu, wa Nairobi anasimamia kliniki na dawa. Wa Thika anakuja kila mwisho wa wiki ili ndugu yake apumzike. Wa ughaibuni anatuma mshahara wa msaidizi wa nyumbani. Kitinda mimba amefunga kibanda chake cha sokoni ili amtunze mama; hasara hiyo nayo ni gharama, iandikwe na ifidiwe.

3. Fanyeni boma liwe salama

Wagonjwa wengi hutoka na kuanza kutembea bila kujua waendako. Hapa kwetu kuna barabara kuu ya Nairobi–Nyeri, reli, Mto Sagana na mabwawa ya samaki. Wekeni lango linalofungwa, na mshone nambari ya simu ya familia ndani ya nguo zake. Wajulisheni majirani, wauzaji wa dukani na waendeshaji boda boda wa steji ya karibu. Ondoeni dawa za shamba, visu na mafuta ya taa mahali anapoweza kuvifikia. Asiachwe peke yake na jiko linalowaka.

4. Siku iwe na utaratibu

Aamke, ale, aoge na alale saa zile zile. Mpeni kazi anayoiweza, kama kuchambua maharagwe au kukunja nguo. Akiuliza kama marehemu mumewe amerudi, msibishane naye. Mwambieni, "Naona unamkumbuka baba. Alipenda chakula gani?" Hofu yake itatulia. Lakini akichanganyikiwa ghafla, kwa saa chache au siku moja, mpelekeni hospitalini, kwani huenda ana maambukizi.

5. Stakabadhi na shamba

Wosia na hati ya uwakili huhitaji mtu anayeelewa anachotia sahihi. Akishapoteza uwezo huo, familia hulazimika kwenda mahakamani ili ateuliwe msimamizi wa mali yake. Tafuteni wakili mapema, na watoto wote wajue hatimiliki iko wapi. Mtu asimshike mzazi mkono atie kidole kwenye karatasi asiyoielewa. Aliyefikisha miaka 70 anaweza kuombewa mpango wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ulizeni kwa chifu.

6. Mtunzaji naye atunzwe

Anayelala nusu usiku kila siku huishia kuwa na hasira, maumivu ya mgongo na majonzi. Hiyo ni dalili kwamba amebeba mzigo peke yake, wala haina maana kwamba hampendi mzazi wake. Apate angalau siku moja ya mapumziko kila wiki. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini anaweza kuwatembelea na kuwaelekeza.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na Serikali.

Zoezi la familia

Wiki hii, jibuni maswali haya pamoja na muyaandike:
- Nani atabaki na mzazi iwapo anayemtunza ataugua leo?
- Ni nani kati ya majirani ana nambari zetu za simu?
- Mzazi mwenyewe ametuambia anataka nini?

Iwapo swali la tatu halina jibu, anzeni nalo, maana ndilo lisiloweza kungoja.