Chenso kubwa ya zamani kwenye mkorosho wa babu

Korosho zikishauzwa na fedha ya mnada kuingia, mwenye shamba Lisekese, Masasi, huanza kuitazama miti yake kwa jicho jingine. Mkorosho uliopandwa kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 umenenepa shina, matawi yamelala chini na kushikana na ya jirani, na mazao yako pembeni tu, jua linapofika. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wamekuwa wakishauri kwa miaka mingi: punguza iliyobanana ibaki nafasi ya mita 12 kwa 12, pogolea, na uliochoka kabisa ukate, machipukizi yake yabebeshwe vikonyo vya mbegu bora. Kwa shoka, hiyo ni kazi ya kuvunja mgongo. Ndipo inapoazimwa chenso ya mjomba.

Mara nyingi ni Stihl 070 au ndugu yake: muundo wa miaka ya 1960, injini ya sentimita za ujazo 106, uzito wa zaidi ya kilo 10 kabla hujafunga bapa la mnyororo wala kumimina mafuta. Wapasua mbao wanaisifu kwa nguvu. Mimi naiogopa kwa adabu, kwa sababu nyingi za zamani hazina breki ya mnyororo wala mipira ya kupunguza mtetemo. Yale ambayo chenso ya leo inakufanyia yenyewe, kwenye hii unayafanya wewe, na mengi unayafanya kabla injini haijanguruma.

Anza na petroli. Injini hii inalainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli, basi ukikosea kipimo pistoni inakwama. Kwa oili ya kawaida ya tustroki changanya 1 kwa 25, yaani mililita 200 kwa lita 5. Ukipata oili bora ambayo kopo lake limeandikwa 1 kwa 50, ni mililita 100. Pima kwa chupa yenye alama. Mambo ya "vizibo vitatu hivi" yameua injini nyingi. Mchanganyiko uliobaki tangu msimu uliopita usiutumie, huacha utando unaoziba kabureta.

Tangi la pili ni la oili ya mnyororo. Huku wengi humimina oili chafu iliyotolewa kwenye gari, kwa kuwa ni ya bure. Ina vumbi la chuma linalokula bapa, na inapokurukia ngozini siku nzima si salama. Oili mpya ya injini, SAE 30 au 40, ni nafuu kuliko mnyororo mpya.

Mnyororo ukaze injini ikiwa imezimwa na imepoa. Uguse bapa upande wa chini, lakini uweze kuuvuta kwa mkono wenye glavu. Noa kwa tupa ya mviringo. Mnyororo wa inchi 0.404, ambao ndio wa kawaida kwa mashine hizi, hutaka tupa ya milimita 5.5. Piga kila jino idadi ileile, tupa ikienda mbele tu. Ukali utauona kwenye kinachotoka: jino kali hutoa vipande, jino butu hutoa unga. Ukiona unga, simama unoe. Anayeegemea mashine ili ikate ndiye anayeteleza.

Sasa kuwasha. Weka chenso chini, mahali tambarare palipofagiliwa, mnyororo usiguse kitu. Usiiwashe kwa kuitupa hewani kama vijana wanavyopenda kuonyesha; bila breki, mnyororo unaweza kuanza kuzunguka papo hapo karibu na paja lako. Funga choki, funga kifyatulio kwenye nusu mwendo, na kama ina kitufe cha kupunguza mgandamizo kibonyeze. Mkono wa kushoto ukamate mpini wa mbele, kidole gumba kikiwa chini yake, na mpini wa nyuma uubane kwa buti au goti. Vuta kamba polepole mpaka isikike imeshika, kisha vuta kwa nguvu moja. Usiivute hadi mwisho wala kuiachia irudi yenyewe. Ikikohoa mara moja, fungua choki uvute tena. Wengi hukosea hapo: wanaendelea kuvuta choki ikiwa imefungwa hadi plagi inalowa. Ikilowa, itoe uifute, sogeza waya wake mbali na tundu, vuta kamba mara chache kutoa petroli, rudisha, kisha washa bila choki. Mashine yenye moto, kwa joto la Masasi, haihitaji choki kabisa.

Isiposhika baada ya hayo, tazama chujio la hewa, halafu cheche. Matoleo ya mwanzo yana platini, nayo hupata ukungu ikikaa. Fundi wa pikipiki anaijua.

Ikishawaka, elekeza ncha ya bapa kwenye gunia jeupe na uongeze mwendo. Usipoona mstari wa oili, zima.

Kwenye kukata, jambo la kwanza ni ncha ya bapa. Sehemu yake ya juu ikigusa tawi, mashine nzima inaruka kuelekea usoni, na hii haina kitu cha kuisimamisha. Kwa hiyo simama kidogo kushoto, kichwa kisiwe kwenye mstari wa mnyororo, na usiinue msumeno juu ya mabega. Kwa maoni yangu matawi madogo ya mkorosho yaachie panga na msumeno wa mkono. 070 iite kwenye shina na matawi makubwa tu.

Tawi lililolala ardhini limejikunja kama upinde. Kagua upande gani umebanwa na upi umevutwa. Kata kidogo upande uliobanwa, kisha malizia upande uliovutwa, nawe ukiwa nje ya njia yake. Tawi linaloning'inia likate kidogo kwa chini kwanza, la sivyo litachuna ganda la shina. Kwa kuangusha mti, toa pengo upande unaotaka uangukie, robo ya unene hivi, kisha kata nyuma juu kidogo ya pengo ukiacha ukanda usiokatwa kama sehemu ya kumi. Huo ndio bawaba. Tumia kabari ya mti, si ya chuma. Watoto na watazamaji wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti.

Majani makavu ya mkorosho hushika moto upesi, basi usiilaze chenso yenye moto juu yake. Ongeza petroli ikiwa imepoa, na sogea hatua kadhaa kabla ya kuwasha tena. Vidole vikianza kufa ganzi, pumzika.

Mti usio wako, au wa asili kama mninga na mpingo, uliza kwanza ofisi ya kijiji na ya misitu kuhusu kibali. Kazi ikiisha mwaga petroli, washa mpaka izime yenyewe ili kabureta ikauke, na ugeuze bapa juu chini ili lisilike upande mmoja.