Majibu ya Mkazi Huenda Wapi? Fahamu Utafiti wa Maoni ya Kisiasa

Mhojaji anapobisha hodi katika boma moja viungani mwa Litein na kuuliza kama mwenyeji ana imani na Bunge, au angempigia kura mgombea wa chama gani uchaguzi ukifanyika kesho, wengi husita. Baadhi hukataa kabisa. Wengine hujibu kwa tahadhari, wakidhani karatasi hiyo itaishia mezani kwa chifu.

Haiishii huko. Mfano unaofahamika ni Afrobarometer, mtandao wa watafiti wa Afrika ulioanza mwaka 1999 na kufanya utafiti wake wa kwanza Kenya mwaka 2003. Maeneo ya kuhesabia watu huchaguliwa kwa bahati nasibu, kisha watu 8 huhojiwa katika kila eneo, mwanamume na mwanamke kwa zamu. Mahojiano ni ya ana kwa ana, katika lugha anayoichagua mhojiwa miongoni mwa zilizotafsiriwa, zikiwemo Kiswahili na Kikalenjin.

Kila jibu hugeuzwa kuwa tarakimu. Anayesema anaiamini taasisi fulani sana huandikiwa 3. Asiyeiamini hata kidogo, 0. Mkazi anakuwa mstari mmoja wa tarakimu bila jina. Baada ya muda faili nzima huwekwa kwenye mtandao, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga anaweza kuipakua bure sawa na profesa wa Marekani, akakagua hesabu za waliotangulia.

Ukaguzi huo una faida, kwa sababu takwimu hizi hutumiwa vibaya mara nyingi. Kwa kawaida utafiti wa Kenya huhoji watu 2,400. Katika sensa ya mwaka 2019, Kericho ilikuwa na watu 901,777 kati ya 47,564,296 wa nchi nzima, yaani chini ya asilimia 2. Kwa hivyo sehemu ya kaunti hii katika 2,400 ni watu kama 45 tu. Kwa nchi nzima kiwango cha makosa ni pointi 2 juu au chini. Kwa watu 45 kinafika takriban pointi 15. Mwanasiasa anayedai kuwa "asilimia 60 ya watu wa Kericho wamesema" kwa kutegemea faili hiyo anasema jambo ambalo faili haiwezi kulithibitisha. Kuhusu Litein peke yake, haisemi lolote.

Kuficha data nako kuna gharama. Tarehe 27 Desemba 2007, wapigakura walihojiwa walipokuwa wakitoka vituoni, katika utafiti uliosimamiwa na taasisi ya Marekani iitwayo IRI. Taasisi hiyo haikutangaza matokeo, ikisema ina shaka kuhusu ubora wake. Ilipoyatoa, ilikuwa Agosti 2008, ghasia zikiwa zimeshaua zaidi ya watu 1,100 nchini na Kericho yenyewe ikiwa imeguswa. Hakuna anayeweza kusema kwamba tarakimu hizo zingezuia lolote. Lakini kwa miezi hiyo yote nafasi yake ilijazwa na uvumi.

Hata hivyo, kufuta jina pekee hakutoshi. Katika kijiji kidogo, umri, kazi, dini na idadi ya watoto vikiunganishwa vinaweza kumtambulisha mama anayepeleka majani chai kituoni kila asubuhi, na majirani wakajua anaunga mkono chama gani. Ndiyo maana data inayoonyesha mahali hasa mahojiano yalipofanyika haitolewi ovyo. Mtafiti huiomba na kueleza ataifanyia nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 pia inatambua asili ya kijamii, dhamiri na imani ya mtu kuwa data nyeti.

Mkazi ana haki ya kumwuliza mhojaji anatoka wapi, nani anafadhili, na majibu yatahifadhiwa vipi. Aombe pia kuona kibali cha NACOSTI. Anaweza kuruka swali au kusitisha mahojiano katikati. Hakuna utafiti halali unaohitaji kuchukua kitambulisho chake, na anayekidai kwa kisingizio cha maoni aripotiwe kwa chifu au polisi. Malalamiko kuhusu matumizi mabaya ya data hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.